Mstari Usiosemwa Mazoezini

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa ukumbi wetu wa michezo ya kuigiza, nikitazama makochi yakishushwa mahali ambapo watu walikuwa wakisimama kunishangilia. Ukumbi umekuwa duka la fanicha. Jukwaani wamepanga vitanda. Nikawaambia kwamba kwa hasira na kwa njaa nilikubali kazi niliyokuwa nikiitemea mate maisha yangu yote: tamthilia ya televisheni.

Leo nawaeleza tamthilia yenyewe ilivyonifanya. Mkae vizuri, maana haya hata binti yangu sijamwambia.

Nacheza mjane mwenye nyumba yake na ulimi wake. Watazamaji wamempachika jina Mama Shubiri, na jina limenishika hata mtaani. Muuza mboga akiniona tu huwaambia wateja, "Fungeni midomo, Mama Shubiri huyo." Nami nanunua mboga zangu pua juu. Sijawazoea na sitaki kuwazoea.

Anayetuongoza ni kijana mmoja ambaye kofia haimtoki kichwani, awe ndani, awe anakula, awe msibani. Tunamwita Kofia. Jukwaa hajalikanyaga. Amejifunza kazi kwa kutazama simu, na akizungumza nawe bado anaitazama.

Mkwe wangu katika tamthilia ni binti mwenye kope za kubandika, nzito mpaka nashangaa anafumbuaje macho asubuhi. Mistari yake anaiandika kiganjani. Kiganjani! Siku akitakiwa kupiga mtu kofi, atampiga na maandishi. Mimi watu wanaosahau mistari huwa nawaita kwa jina lao: vichwa maji. Nimewaita hivyo mbele ya wazazi wao.

Halafu yuko Sinia.

Huyu nimetoka naye mbali. Tulifundwa jukwaani pamoja, kwa mwalimu mmoja. Mimi nikawa malkia, yeye akawa wa kuingia na sinia. "Chai tayari, bwana." "Wageni wamefika, bibi." Akishasema hayo, anatoka. Miaka na miaka, kuingia na kutoka. Kwenye tamthilia hii anacheza wifi yangu, na najua mmeshabashiri: anabeba sinia.

Sasa shikeni kisa. Katika tamthilia, mume wangu amekufa baada ya kunywa kikombe cha chai chenye sumu, na kikombe kikakutwa kimeoshwa. Watazamaji wote wanasema ni mimi. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, familia inakaa mezani, na mkwe ananiuliza mbele ya watu: "Mama, nani alitia sumu kwenye kikombe cha baba?" Mimi namkodolea macho kwanza, kisha najibu: "Muulizeni aliyekiosha." Wote wanamgeukia Sinia. Naye anasema: "Ni mimi."

Basi, imekwisha. Sinia anakwenda jela, mimi nabaki na nyumba, na msimu ujao nabaki na kazi.

Mstari wangu usiposemwa, anayekwenda jela ni mimi. Na mwigizaji ambaye mtu wake yuko jela hapigiwi simu tena. Pa kurudi sina. Kwangu wanauza vitanda.

Lakini kuna jambo hawa watoto wa kamera hawalijui. Sisi tuliofundwa jukwaani, mstari wa kufunga mchezo hatuusemi wakati wa mazoezi. Mwalimu wetu alikuwa akisema, mlango haufungwi wageni hawajaingia. Ukiufikia mstari wako wa mwisho, unaumeza, unagonga meza mara moja, na mwenzako anajua umepita. Mstari wenyewe unautoa siku watu wamekaa, ungali mbichi.

Mimi desturi hiyo sijaivunja hata nilipokuwa na homa.

Siku ya kuchukua picha za sehemu ya mwisho tulikuwa sebuleni kwa bwana mmoja aliyetukodishia nyumba. Makochi bado yana nailoni ya dukani. Friji wameichomoa ili isivume, na fundi sauti ametia funguo za gari lake ndani ya friji, asije akaondoka akasahau kuichomeka. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoiona siku ile.

Kofia akaja anasugua mikono. "Mama, tufanye mazoezi kidogo. Mkiwa na nguo zenu kabisa."

"Mazoezi tu?"

"Mazoezi tu, Mama. Wala usiwe na wasiwasi."

Tukakaa mezani. Mkwe akachungulia kiganja, akauliza swali lake. Nikamtazama. Nikamtazama mpaka akameza mate. Mstari ukapanda, ukafika kwenye meno, nikaumeza. Nikagonga meza: ngo!

Sinia, amesimama mlangoni, akagonga sinia lake kwa pete: nge!

"Kataaa!" Kofia akaruka. "Imekwisha! Jamani, imekwisha!"

Nikasema, "Kata nini? Mazoezi nayo hukatwa?"

"Tumeshachukua, Mama." Akabandua kipande cha plasta nyeusi kwenye kamera. Chini yake taa nyekundu ilikuwa inawaka. "Ukijua kamera inakula, unaigiza. Usipojua, unaishi. Ndiyo staili yangu hiyo."

Staili! Kumwibia mtu mzima uso wake unaita staili.

"Sijasema mstari wangu," nikamwambia.

"Ndiyo uzuri wenyewe! Ile ngo, halafu ile nge. Wazee wawili, hakuna neno, wanagonga tu. Mama, nilipata baridi mwili mzima."

"Kanywe kitu cha moto. Na muuaji ni nani?"

"Si wewe?" Akanishangaa. "Mkwe kauliza, umekaa kimya. Kimya ni kukubali. Msimu ujao tunaanza uko jela. Au tusikuonyeshe kabisa, watu waseme tu kwamba uko jela."

Waseme tu! Mimi niliyekuwa nikifa jukwaani, ukumbi mzima ukitafuta leso, leo niondoke kwa kusemwa tu, na mtoto asiyejua hata kusimama wima!

"Utarudia," nikasema.

"Mama, nyumba tunairudisha leo. Na mimi ile ngo siiachi." Halafu akainamisha kichwa kama mtu anayejadiliana na mgonjwa. "Haya, useme huo mstari hapa tuusikie. Tuone kama unaishinda ngo."

"Hapa?"

"Hapa."

"Siusemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa si mahali pake. Huu mstari haujawahi kutoka kinywani mwangu, na hautatoka kwa kuonjwa onjwa kama mchuzi."

Akamtazama Mkwe. Mkwe akamtazama fundi sauti. Nikajua wanasema moyoni, bibi amechoka. Nikawasonya wote kwa pamoja, sikuwa na muda wa mmoja mmoja.

Ndipo nikamgeukia Sinia. Yuko kwenye kona, anafuta sinia ambalo wala halikuwa na vumbi.

"Wewe!" nikasema. "Mstari wako uko wapi? Ungesema wako, hata huyu asiye na masikio angejua kuna kitu kinakosekana."

"Uligonga, dada. Nami nikagonga. Si ndivyo tulivyofundwa?"

Alisema kwa sauti yake ileile ya chai tayari, bwana. Na mimi nikamwona mpaka ndani. Mstari wangu ukisemwa, yeye ndiye anayetoka. Usiposemwa, anabaki msimu huu, na ujao, na ujao, anaingia na kutoka mpaka sinia limzeekee mkononi. Alijua taa inawaka! Anayesimama mlangoni siku zote huiona kamera kwa ubavuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na mwangu mlikuwa na sinia kabisa.

Nikavuta kiti cha kichwani mwa meza, nikakaa, nikakunja mikono.

"Sitoki," nikatangaza. "Taa mtabeba, kamera mtabeba. Mimi mtaniacha hapa, mwenye nyumba atanikuta."

Na kweli mwenye nyumba akatokea, jasho linamtiririka. "Jamani ndugu zangu, mliniambia mchana mtakuwa mmemaliza. Mama mkwe wangu yuko njiani. Akikuta sebule iko hivi, mimi nitalala wapi?"

Halafu akaniona. Sauti ikashuka yenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Utasubiri."

Akasubiri. Akasimama ukutani, mikono nyuma, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Naye nilimdharau, lakini angalau alikuwa na adabu.

Kofia akazunguka meza mara mbili, akanung'unika na simu yake, mwisho akasalimu amri. "Mara moja, Mama. Moja tu. Mafuta ya jenereta yako mwisho. Ukiutoa, umetoka. Usipoutoa, ninabaki na ngo yangu na hatugombani tena."

"Mara moja inanitosha. Jukwaani huwa hakuna mara ya pili, mwanangu, hilo hukufundishwa kwenye simu."

Wakapanga tena taa. Mkwe akalamba kiganja, akaandika upya. Sinia akaenda mahali pake mlangoni. Nikaona jambo nililolidharau wakati ule: alikuwa amesimama wima, kidevu juu, na sinia hakulishika. Alilisimamisha chini, akaliegemeza ukutani. Nikasema moyoni, hofu hiyo. Anajua leo ndiyo mwisho wake.

Wala sikumwonea huruma. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

"Kimya!" Kofia akasema. "Haya, twende."

Mkwe akaniinamia. "Mama," akasema, na safari hii hakuchungulia mkono, "nani alitia sumu kwenye kikombe cha baba?"

Nikamtazama. Nikasikia chumba kizima kinanishikia pumzi: Kofia, fundi sauti, mwenye nyumba ukutani. Hao ndio wageni. Wamekaa. Sasa mlango ufungwe. Nikauita mstari.

Haukuja.

Nikauita tena. Hamna. Pale ulipokuwa ukinipandia kila siku mpaka kwenye meno, palikuwa patupu. Nilikuwa nimeumeza mara nyingi mno, jamani. Kinywa changu kilichozoea kumeza ndicho kilichokuwa kinasubiri kumeza, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka kutaka kugonga meza. Nikaushika kwa mkono wa pili, chini ya kitambaa.

Mimi! Mimi niliyekuwa nabeba mchezo mzima kichwani, wangu na wa wenzangu, niliyemkumbusha mfalme ufalme wake alipopotelewa katikati ya hotuba! Maneno mawili. Maneno mawili ambayo hata mwenye nyumba angeyashika.

Nikajiambia, endelea kumtazama Mkwe, watadhani ni kuigiza. Nikamtazama mpaka kope moja ikaanza kumbanduka. Jasho likanitoka mgongoni. Kusimamisha kazi niseme nimekwama? Nife kwanza.

Sasa, jukwaani tunafundishwa hivi: ukipotelewa, mtazame mwenzako mdomoni. Atakupa. Anayekupa humuulizi wala humbishii, unalipokea neno na kulitoa lingali na moto, kana kwamba lilikuwa lako tangu kuzaliwa. Nimeokoa watu wengi kwa njia hiyo. Kuokolewa mimi, sikuwahi.

Nikainua macho, nikamtazama Sinia mdomoni.

Midomo yake ilikuwa inacheza, polepole, bila sauti. Maneno mawili. Moyo ukanirudi. Nikayasoma, nikayapokea, nikayatoa kwa sauti yangu ya chini kabisa, ile ya kuzikia wafalme:

"Ni mimi."



Mkwe akaweka mkono kinywani. Chozi likamtoka, chozi la kweli, la kwanza tangu nimfahamu. Mwenye nyumba akasema, "Laa!" kama vile amefiwa yeye.

"Kata," Kofia akanong'ona. Akavua kofia. Maskini ya Mungu, kijana ana upara.

Halafu wakapiga makofi. Fundi sauti alivua vyombo vyake masikioni ili apige makofi. Nami nilikuwa bado nimekaa, natabasamu kama kawaida yangu, naipokea heshima yangu, mpaka maneno niliyoyasema yakageuka na kuniingia masikioni mwenyewe.

Ni mimi. Nimemuua mume wangu, nimekiri kwa kinywa changu, na kamera imekula.

Nikamtafuta Sinia kwa macho. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nyoka yule! Amenipa neno la kunifunga, kisha amekimbia!

Kofia akanijia, akapiga goti kando ya kiti changu. "Mama. Hili halikuandikwa. Umelitoa wapi?"

Nikainyoosha nguo yangu magotini.

"Niambie kitu kimoja, kwa sababu mwandishi ataniuliza. Umeamua, au umekosea? Kama umekosea, mafuta tutatafuta, mwenye nyumba tutambembeleza, tunarudia sasa hivi na mstari wako. Kama umeamua," akashika kifua, "basi hiyo ndiyo safari yako, na hakuna mwigizaji aliyewahi kusafiri hivyo."

Wote wakasogea wasikie. Mkwe yule wa kiganjani alikuwa ananitazama kama mtoto anayetazama mwalimu wake. Neno moja tu lilitakiwa. Nimekosea. Watoto wa shule ya chekechea wanaliweza.

"Mimi," nikamwambia, "sikosei."

Makofi tena! Wakanishika mikono, wakanisindikiza hadi chumba cha kulala tulichokuwa tunavalia nguo, wakafunga mlango taratibu kana kwamba nimelala ndani. Nikakaa kitandani. Kitanda tena. Sasa nina kazi gani? Nitaamka asubuhi niende wapi? Mwigizaji asiye na pa kuigizia ni bibi mwenye kelele tu, na mtaani kwetu wako wa kutosha.

Mlango ukafunguliwa. Sinia. Hakubisha hodi, mtu ambaye maisha yake yote ni hodi.

"Umesema mstari wangu," akasema.

"Usiniletee!" nikasimama. "Wewe ndiye uliyeninong'oneza! Niliomba wangu, ukanipa wa kunimaliza, ili ubaki na kazi!"

"Nilikunong'oneza mimi?" Akanitazama, akaanza kucheka, kicheko kibaya. "Dada, wewe unadhani kila mdomo unaofunguka unafunguka kwa ajili yako. Nilikuwa naupasha mstari wangu. Wangu! Nilikuwa nangoja useme wako, nami niseme. Sijui hata kama ulikwama. Ningejuaje? Wewe huwa hukwami."



"Ungetoka," nikasema. "Ukisema ule mstari unakwenda jela. Kazi yako inakwisha."

"Kazi gani? Ya kuuliza watu wanataka sukari?" Sauti yake ikapanda, na naapa sikuwahi kuisikia ikipanda. "Ni mimi niliyemwendea mwandishi nikamwomba anipe hatia. Nilimbembeleza kama mtoto. Nikamwambia, bwana, nipe neno moja tu ambalo likitoka, watu wageuke wanitazame. Halafu mnitoe, mnifunge, mniue, sijali. Akanipa. Nami nikaliweka, sikulisema hata bafuni, kwa sababu ndivyo tulivyofundwa. Na wewe umelichukua umelisema mbele yangu, na umepigiwa makofi!"

Akajifuta uso kwa kiganja. Mimi nikatazama sakafu. Siwafichi, hata pale sehemu yangu moja ilikuwa inasema, lakini nililisema vizuri kuliko ambavyo angelisema yeye.

"Namwendea Kofia," akasema. "Hawajaondoka, wanakunja nyaya. Namwambia ulipotelewa, ukanitazama mdomoni, ukabeba cha mtu. Turudie. Useme wako, niseme wangu."

"Hutamwambia."

"Kwa nini? Tukirudia, si ndipo kazi yako inabaki?"

Ilikuwa kweli. Yeye angepata neno lake, mimi ningepata nyumba yangu, na msimu wangu, na muuza mboga wangu. Ila watu wote wale, na yule wa kope, wangejua kwamba Mama Shubiri alisahau maneno mawili, na kwamba alipoulizwa alidanganya.

Sinia akashika kitasa. Nikamshika mkono.

"Niache, dada."

"Watanicheka."

"Watakucheka," akasema. "Mimi wamenicheka maisha yangu yote, na sijafa."

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Kofia, upara wake unang'aa, funguo za gari mkononi.

"Mama, gari tayari." Akatutazama, mmoja, kisha mwingine, kisha mkono wangu uliomshika mwenzangu. "Kuna jambo?"

Nikamngoja Sinia aseme. Alikuwa na haki, na alikuwa na sauti, nilikuwa nimetoka kuisikia.

Akafunga mdomo, akanigeukia, akaniachia mimi lile neno moja nililolikataa: nimekosea.